Herufi za Upande wa Mlango

Hidaya mwanangu,

Bibi yako ameshakuambia habari za sweta. Shangazi yako wa Huruma ameshakuambia habari za wanaume. Baba yako tangu asubuhi anakuambia habari za pasipoti. Mimi wameniachia nini? Nimeteremka huku kibandani kwangu, nikasogeza mikebe ya rangi, nikakaa kwenye kigoda kuandika jua likiwa bado juu ya mabati. Kesho wakati kama huu utakuwa angani. Usidhani nina huzuni. Nina furaha mpaka nimechovya brashi ya kijani ndani ya mkebe wa nyekundu. Rangi yenyewe imekuwa kama ya ugoro. Basi, acha ikae.

Jana Mama Otieno wa ghorofa ya chini aliniuliza, "Hivi kweli mtoto anapanda ndege hadi Uholanzi kwenda kusoma a, e, i, o, u?" Nikamwambia kuzisoma ulimaliza chekechea, sasa unakwenda kusomea kuzitengeneza. Akanitazama kama mtu anayetaka kunishika paji la uso aone kama nina homa.

Nataka kukuandikia habari za hizo herufi zetu, zile nene za mlazo, zilizoinama mbele kama mtu anayekimbilia kitu. Najua unazijua. Umezipiga picha kwenye kila ukuta kuanzia Makadara hadi Huruma. Lakini jinsi zilivyozaliwa umesimuliwa na baba yako peke yake, na baba yako akisimulia hujipamba. Leo nisikilize mimi niliyeshika brashi.

Kazi nilifunzwa na mjomba wangu Sefu kule Pumwani, nikiwa msichana ambaye kila mtu alitaka nijifunze ushonaji. Mjomba alikuwa mchoraji wa mabango, na kwake herufi ilikuwa askari wa gwaride: kifua mbele, miguu pamoja, usipepesuke. Nilipofungua kibanda changu hapa Makadara nikawaandikia watu hivyo hivyo, maduka ya dawa, maduka ya unga, wote wamesimama wima. Halafu siku moja fundi wa pikipiki wa Huruma akasimama mbele ya bango lake jipya, akajikuna kichwa.

"Dada, si mbaya," akasema. "Lakini hizi herufi zimekaa kama watu wamepanga foleni zahanati. Mimi kazi yangu ni mwendo."

Nilikasirika, nikafunga mikebe. Nilipofika nyumbani nikaona ana haki.

Nilidhani kulaza herufi ni kuisukuma tu iegemee. Nikasukuma. Ile O ikawa kama yai lililokaliwa na kuku, na S ikataka kuanguka kifudifudi. Nikachora kwa chaki sakafuni, nikafuta, nikachora tena, hadi bibi yako akawa anapita kwa kuruka asikanyage alfabeti. Hapo ndipo nilipogundua kwamba herufi ikiinama, unene wake unahama. Mahali pengine lazima uipunguze, pengine uiongeze, la sivyo inaonekana imevimba shavu moja. Na ukiinenepesha sana, matundu yake yanaziba. Ukiwa karibu unasoma e, ukivuka barabara unaona tofali.

Lakini nilipozipata, Hidaya! Yule fundi alipiga mbinja. Baada ya hapo kila mtu alizitaka. Bucha, kinyozi, saluni, gereji, mwuza viatu. Nikizunguka mitaani nilikuwa najiona nimeandika mji mzima.

Kisha akaja baba yako.

Mtu mmoja mwenye basi la kukodisha, la kubeba watu wa arusi na mazishi, alitaka jina ubavuni, pande zote mbili, neno moja kubwa: TWENDE. Nililichora kwa manjano yenye kivuli cheusi, na nakuambia lilikuwa neno zuri kuliko yote niliyowahi kuchora hadi siku ile. Mwenye basi akafurahi, akaondoka. Kesho yake basi likarudi, na dereva akateremka. Kijana mrefu, shati limepigwa pasi mpaka limekuwa kama kadibodi. Hata salamu ilikuwa nusu.

"Wewe ndiye uliyeandika gari langu?"

"Si gari lako, ni la mwenyewe. Lakini ndiyo."

"Upande wa mlango umelikosea. Linarudi nyuma."

Nikamwambia neno ni lile lile, herufi ni zile zile, kipimo ni kile kile, na kama hajui kusoma si kosa langu. Ndiyo, nilimwambia hivyo. Hilo yeye huwa halisimulii, anasema eti nilimwangalia kwa aibu. Aibu gani! Nilikuwa nimeshika mkebe wa thina ya kuyeyushia rangi, na angesogea hatua moja zaidi ningemwogesha.

Akapanda basi, akawasha injini, akachungulia dirishani. "Dada, simama hapo hapo. Tazama tu. Ukiona nimekosea, nitakuomba radhi mbele ya watu wote hawa." Na watu walikuwa wameshaanza kukusanyika, unawajua watu wa kwetu.

Akaenda akageuza. Alipopita mara ya kwanza niliona upande wa dereva. TWENDE likapita mbele yangu likiwa limeinamia kule basi linakokwenda, kama lenyewe ndilo linalolivuta. Nikatabasamu, nikawaangalia watu. Akageuza tena, akarudi, safari hii upande wa mlango ukiwa kwangu. Na nikaona. Basi linakwenda huku, herufi zimeinamia kule. Linasema twende, huku linajivuta nyuma kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Mama mmoja muuza mboga akaangua kicheko. Nilikuwa nimelichora neno likiwa limesimama, nikalipenda likiwa limesimama, wala sikuwahi kujiuliza litakuwaje likianza kwenda.

Nilifuta upande ule wote kwa msasa. Baba yako alikaa kwenye ngazi ya basi akinitazama, akinipa kitambaa. Nikaanza kuzichora zikiinamia nyuma, yaani kushoto, ili zielekee basi linakokwenda. Mkono wangu ulikataa kabisa. Ulikuwa umezoea kulia. Ule mstari wa katikati wa N, kwenye mlazo wa kawaida husimama vizuri, lakini ukizigeuza unalala chali kama mlevi, ukaniburuzia neno lote kuwa refu. Ikabidi niubane, niukate mabega, nizisogeze E ziwe karibu. Jioni ilipoingia nikamwambia, "Haya, pita."

Akapita. Watu wakapiga makofi. Kweli, walipigia makofi neno. Akasimamisha basi katikati ya njia, akateremka, akasema, "Sasa gari langu lina macho mawili."

Juma lile lile akarudi akasema kioo cha mbele kinahitaji maandishi. Lililofuata, mlango wa nyuma. Halafu kisanduku cha huduma ya kwanza. Alipoleta kopo lake la chai nimwandikie jina, bibi yako akaniambia, "Zaituni, huyu hana haja ya rangi."

Kwa hiyo unaposikia anajisifu kwamba bila yeye zisingekuwepo zile herufi za kurudi nyuma, mwache. Hilo moja ni kweli.

Kuna jambo jingine halipo kwenye simulizi zake, kwa sababu hakuwepo. Ni la Bi Rehema. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa unalala kwenye katoni pale nilipokaa sasa. Bi Rehema alifiwa na mumewe, Mzee Hamisi, aliyefundisha watoto madrasa maisha yake yote, na majirani wakaamua chumba cha madrasa kiitwe kwa jina lake. Akaniletea ubao. Mimi wakati huo nilikuwa nimelewa na mlazo. Ungenipa kidonge ningekiandikia jina lake kwa mlazo. Nikamchorea mzee wa watu kwa herufi nene, zimeinama, buluu na nyeupe, zinang'aa.

Bi Rehema akauangalia ubao muda mrefu. Akasema kwa upole, "Umeupendezesha sana, mwanangu. Lakini hebu niambie, mume wangu anakwenda wapi?"

Sikuelewa. "Haendi popote, bibi."

"Mbona anakimbia, basi? Mzee Hamisi hakupata kukimbia. Hata mvua ikimnyeshea alikuwa anatembea. Tukigombana juu ya hilo."

Nikacheka bila kutaka, naye akacheka, kisha akaanza kulia, nikaacha brashi nikakaa naye chini. Akanisimulia alivyokuwa anatembea mzee yule, mikono nyuma, akisimama kumsikiliza kila mtoto hadi amalize. Alipoondoka nikauchora upya, herufi pana, wima, zenye nafasi katikati. Nilichora polepole nikiwaza mikono iliyofungwa nyuma. Ule ubao bado upo. Kila nikipita namwona amesimama pale.

Tangu siku hiyo kabla sijachagua herufi huwa namuuliza mteja habari za mtu au kitu chenyewe, na wateja wengine huniona mbea. Wewe umeuchukua umbea huu, nimekusikia ukiwauliza watu kwenye simu. Usiuache huko uendako.

Sasa nije kwako.

Ulipokuwa unasoma usanifu chuoni mjini, ulikuja siku moja na picha zote za kuta zangu, ukazipanga sakafuni, ukaniuliza, "Mama, kwani una A ngapi?" Nikatazama. Kila ukuta na A yake! Ya bucha ina miguu minene, ya saluni ina kiuno. Mimi nilikuwa naichora A kufuatana na ukuta na jirani zake. Wewe ukasema unataka kutengeneza fonti kwa kompyuta, na kwenye fonti A ni moja, lazima ikae vizuri na kila jirani atakayeletewa. Nikasema haiwezekani. Ukasema tutaona.

Nilikuona ukihangaika na neno ng'ombe wiki nzima. Kile kijialama cha ng' kilikuwa kinaacha pengo katikati ya neno kama jino lililong'oka, na herufi zikiwa nene pengo linazidi kuonekana. Ukakisogeza, ukakipunguza, ukaipa o nafasi ya kuingia chini yake. Ulipofaulu ulikimbia hadi jikoni na kompyuta mkononi, "Mathe, cheki! Imekaa!" Mboga ziliungua siku hiyo. Nilizila kwa raha.

Halafu ukaukata mguu wa R yangu.

R yangu ina mguu unaorushwa mbele, wewe unajua, ndiyo saini yangu kwenye mji huu. Ukasema unamgonga jirani, ukaandika MARINGO ukanionyesha jinsi unavyomkanyaga I. Nikakuambia miaka yote hiyo hakuna I aliyekuja kulalamika. Ukasema, "Mama, wewe ulikuwa unamwona jirani, unamkwepa. Kompyuta haimwoni." Nikanuna. Nilikaa siku mbili nikikujibu kwa ndiyo na hapana.

Siku ya tatu ukachapa maneno kwenye karatasi kubwa, yangu na yako, tukayabandika ukutani kando ya Jogoo Road, tukaanza kurudi nyuma pamoja. Kila tukirudi nikitazama. Tulipofika kule kwa muuza maji, e yangu ilikuwa imeziba, imekuwa tofali. Yako nilikuwa bado naisoma. Na MARINGO yako ilikuwa inapumua. Mwanangu, siwezi kukuficha kilichonipata pale. Nilidhani nitaumia, nikajikuta nimekushika bega nikipiga kelele, "Inasomeka! Inasomeka!" hadi muuza maji akatuuliza tumeshinda nini.

Nawe ukanirudishia mguu wangu, ukasema R ikiwa mwisho wa neno, mahali ambapo hana wa kumgonga, mguu utatoka wenyewe. Nikafurahi. Kisha baba yako akauliza, "Kwa Kiswahili ni neno gani linaishia na R?" Tukafikiri wote watatu. Akasema, "BAR." Yaani mimi Zaituni binti wa Pumwani, nisiyekanyaga baa, mguu wangu utaonekana kwenye milango ya baa tu! Tulicheka hadi Mama Otieno akapiga dari kwa ufagio.

Sitasahau wasichana wa timu ya mtaa wetu walipovaa jezi za kwanza zenye herufi zako. Yule mlinda lango wao alimgeuzia mgongo kila mtu, "Niaje, soma hapa! Soma jina langu!" Walifungwa mchezo ule, lakini hakuna aliyetaka kuvua jezi.

Na ile siku ya usaili, naiandika ili niwe nayo na mimi. Umekaa sebuleni, umevaa blauzi nzuri na suruali ya kulalia, kompyuta mezani, walimu wa Uholanzi kwenye kioo, mimi na baba yako tumejificha nyuma ya pazia la jikoni. Mwalimu mmoja akakuuliza kwa nini fonti moja ina mlazo wa mbele na mlazo wa nyuma, wa nyuma unamfaa nani? Ukafungua mdomo, na stima ikapotea. Kompyuta, ambayo betri yake ilishakufa zamani, ikazimika na picha zako zote ndani yake. Nikasikia moyo wangu ukianguka kwenye sufuria.

Ukanyakua simu yangu, ukawapata tena kwa bando langu, ukasema kitu kwa Kiingereza cha haraka, ukageukia pazia. "Baba! Basi liko wapi?"

"Liko chini."

"Twende!"

Mkashuka ngazi mkikimbia, wewe na hiyo suruali ya kulalia, mimi nyuma yenu na viatu viwili visivyofanana. Baba yako akalipitisha basi la TWENDE mbele yako mara ya kwanza, ukiwa umeinua simu. Ukavuka barabara, akalipitisha mara ya pili, upande wa mlango. Watoto wa mtaa wanalikimbilia, wanapiga kelele, mama wa mboga anauliza kama ni sinema. Na kwenye simu nikawasikia wale walimu wakicheka, kicheko kile cha mtu aliyeona kitu kipya akafurahi. Mmoja wao, mwanamke, akakuuliza fonti inaitwaje. Hukuwa umeipa jina. Baba yako alikuwa amechungulia dirishani, jasho linamtoka, anauliza kama apite tena.

Ukasema, "Inaitwa Dereva."

Mimi ndiye niliyeichora, mimi ndiye niliyevunjika kiuno juu ya ngazi, na yeye ndiye amepewa jina. Hajaacha kulitangaza. Hata kinyozi wake analijua. Nikikuambia sikuona wivu nitakuwa mwongo. Lakini jina lenyewe ni zuri, Hidaya. Linakaa vizuri. Ile D ya mwanzo ni kama kifua cha mtu aliyeshika usukani.

Barua ya kukubaliwa ilipofika ulipiga ukelele, watu wa jengo wakatoka na rungu wakidhani ni mwizi.

Huko unakokwenda sikujui, kwa hiyo sina la kukuelekeza. Huenda mtu akakwambia uweke pundamilia kwenye herufi zako ili zionekane zimetoka Afrika. Mwambie Jogoo Road hatuna pundamilia. Huenda wakaukata mguu wa R yako, ukanuna kama nilivyonuna. Nuna, lakini siku ya tatu nenda ukasimame mbali utazame. Na ikitokea umekosea kitu kikubwa, mbele ya watu, wakacheka, usikimbilie kukitetea kama nilivyomtetea mbuzi wangu wa manjano. Mimi kosa lile lilinipa mume.

Mimi huku sitakaa nikingojea simu. Nimeongea na binti wa pale saiberi, Jumatatu ananianzisha kompyuta. Kuna herufi nazifikiria, nyembamba, ndefu, zimesimama kwa ncha ya kidole. Nimeshachora sita nyuma ya mlango wa kibanda na nimezifunika na gunia usizione. Ukirudi tutatoa zako na zangu, tuzibandike ukutani, na safari hii usitegemee nitakushangilia kirahisi.

Nasikia unaniita. Unaita tangu kitambo, sasa na baba yako anaita. Unasema sanduku limekataa kufunga, yeye amelikalia halikubali, mnataka na mimi nije nilikalie.

Nakuja.

Mama yako,
Zaituni